Kununua Appaloosa kwa wafugaji wa jirani: anza na macho

Kila mwezi wa Machi na Aprili, theluji ikishayeyuka kwenye vilima vya Palouse, matangazo ya farasi hujaa huku kaskazini mwa Idaho: kwenye ubao wa duka la malisho, kwenye gari la fundi wa kwato, kwenye simu. Na simu yangu nayo huanza kulia. Wanaonipigia wengi ni wazazi wa Boise na Twin Falls, watu wa Uvira, Bukavu na Goma, na wachache wa kwetu Kenya na Tanzania, ambao watoto wao wamejiunga na 4-H (klabu ya vijana ya kujifunza ufugaji na kazi nyingine) na sasa nyumba haina usingizi: mtoto anataka Appaloosa, yule farasi wa madoa. Mimi nafanya kazi kwenye banda la farasi karibu na Moscow (hii ya Idaho). Nimezaliwa Amu, nyumba ya punda, kwa hiyo mnyama wa kwato sikumjulia Marekani. Haya ninayoandika ndiyo ninayowaeleza kwa simu, ila hapa nina nafasi ya kuyaeleza yote.

Jambo kubwa kuliko yote nalisema mwanzo: usitoe hata senti ya arubuni kwa Appaloosa ambaye macho yake hujayatazama kwa utulivu, mchana na jioni. Farasi hawa wana ugonjwa wao wa macho. Muuzaji wa jirani, hata akiwa mtu mwema, mara nyingi haujui, au ameuzoea kiasi kwamba hauoni tena.

Mjue kwanza

Appaloosa ametoka hukuhuku. Waliomlea ni watu wa Nimíipuu, wenyeji wa asili wa huku, ambao Wafaransa waliwaita Nez Perce, kwenye mabonde ya mito Clearwater, Snake na Palouse, na jina lake linahusishwa na mto huo wa mwisho. Walikuwa wafugaji makini: dume asiyefaa walimhasi, jike mwema walimtunza. Vita vyao na jeshi la Marekani mwaka 1877 viliwamalizia mifugo. Baada ya Chifu Joseph, mmoja wa viongozi wao, kusalimu amri kule Bear Paw, Montana, tarehe 5 Oktoba 1877, farasi wao wengi walichukuliwa na jeshi, wakauzwa, wakachanganywa na farasi wa kila aina. Mwaka 1938 ndipo ilipoundwa klabu ya kuwaandikisha waliobaki, Appaloosa Horse Club, ambayo ofisi yake iko hapa Moscow, na mwaka 1975 Idaho ilimfanya kuwa farasi wa jimbo. Kwenye jengo la klabu kuna makumbusho. Mpeleke mtoto huko kabla hujampeleka kwa muuzaji. Ataona aina zote za madoa kwenye picha, na wewe utapata muda wa kufikiri bila mtu kukushikia hatamu mbele ya uso.

Ukisimama mbele ya farasi anayeitwa Appaloosa, tazama mambo manne. La kwanza ni manyoya yenye madoa au mchanganyiko wa weupe. La pili ni ngozi yenye vitone vya waridi na vyeusi kuzunguka mdomo, macho na chini ya mkia. Hili ndilo ninaloliamini zaidi, kwa sababu halifichiki hata kwenye farasi ambaye mwili wake ni wa rangi moja. La tatu ni weupe wa jicho unaoonekana wakati wote. Farasi wengine huonyesha weupe huo wakishtuka tu. Appaloosa anakuonyesha akiwa ametulia anatafuna nyasi. La nne ni kwato zenye michirizi ya wima, myeusi na myeupe. Michirizi itazame kwenye mguu mweusi, maana mguu wenye soksi nyeupe huwa na kwato nyeupe kwa farasi yeyote.

Kuna wauzaji wanaomwita Appaloosa farasi yeyote mwenye rangi mbili. Farasi mwenye mabaka makubwa, nusu mweupe nusu kahawia, ni pinto, na chanzo cha rangi yake ni kingine kabisa. Si farasi mbaya, lakini usilipie jina ambalo si lake.

Mipangilio ya madoa ni mingi. Kuna mwenye mwili mweupe wote na madoa kila mahali, kama chui. Kuna mwenye weupe mgongoni na kiunoni tu, kama aliyefunikwa blanketi, na juu ya blanketi madoa. Kuna mwenye blanketi jeupe lisilo na doa hata moja. Kuna mwili mweupe wenye madoa machache sana ya kuhesabika. Kuna anayezaliwa na rangi moja kisha kila mwaka anazidi kuwa na mvi, mpaka unabaki weusi kwenye mifupa ya uso, mabega na nyonga. Wawili wale, wa blanketi tupu na wa madoa machache, wakumbuke. Nitawarudia.

Mtoto wa farasi usimnunue kwa rangi. Madoa hubadilika anavyokua, na ikiwa mmoja wa wazazi wake ni wa kijivu, na yeye akairithi rangi hiyo, mwili wote utakuwa mweupe na madoa utayaona kwenye picha za zamani tu. Na nawaambia wazazi wote: tazameni pia wale wasio na madoa kabisa. Klabu inawaandikisha, namba yao ikianza na herufi N. Ukoo ni uleule, tabia ni ileile, na bei mara nyingi huwa chini kwa sababu kila mtu anakimbilia madoa. Kwa mtoto anayejifunza, huyo ni bahati.

Macho

Kuna uvimbe wa ndani ya jicho unaokuja, unatulia, kisha unarudi. Kila unaporudi unaacha kovu, na mwisho wake mara nyingi ni upofu. Farasi wote wanaweza kuupata, lakini watafiti wamekuta Appaloosa yuko katika hatari mara 8 zaidi ya farasi wengine, na akishaupata, uwezekano wake wa kupofuka ni mara 4 zaidi. Jeni (chembe ya urithi) ileile inayompa madoa, ambayo wataalamu huiandika LP, ndiyo inayoandamana na hatari hiyo. Mwenye nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, yuko katika hatari kubwa kuliko mwenye moja.

Hutakiwi kuwa daktari ili uone dalili za kwanza. Simama mbele ya farasi, mbali kidogo, akiwa kivulini. Usimtazame jicho moja moja, yatazame yote mawili kwa pamoja. Je, yana ukubwa sawa? Tazama nywele za kope za juu. Kwenye jicho zima zinaelekea mbele, karibu usawa na ardhi. Kwenye jicho linalouma zinaelekea chini, kwa sababu farasi analibana jicho bila hata kulifumba. Upande mmoja ukiwa umeinama na mwingine umenyooka, hapo pana jambo. Kisha sogea. Tafuta njia ya machozi iliyokauka kutoka pembe ya jicho, manyoya yaliyokatika mahali pale, utando wa buluu au maziwa juu ya jicho, mboni iliyosinyaa wakati jicho la pili limefunguka vizuri. Mboni ya farasi imelala, ni ndefu kwa upana, na kingo zake ni laini, ila vinundu vyeusi kwenye ukingo wa juu ni vya kawaida. Ukiona kingo zimekatikakatika au zimevutwa upande mmoja, mshukuru muuzaji, nenda zako.

Mwaka jana wakati wa mavuno nilifuatana na familia moja ya Boise kwenda kumtazama dume aliyehasiwa, wa umri wa miaka 9, madoa ya chui kutoka masikio mpaka mkiani. Mzuri kwa kweli. Binti alikuwa ameshampa jina njiani. Jicho la kushoto lilikuwa na mchirizi mwembamba wa machozi, na kope zake zilikuwa zimeshuka kidogo tu, si kitu ambacho ungekiona ukiwa unatazama madoa. Nikamuuliza mwenyewe.

"Ah, ni vumbi la ngano," akasema. "Kila mwaka wakati huu anakuwa hivi, nampaka mafuta linapita."

"Kila mwaka? Jicho hilohilo?"

"Hilohilo."

Baba wa mtoto akanitazama. Vumbi la ngano halichagui jicho. Tukaomba daktari wa mifugo aje kwa gharama yetu, na mwenye farasi hakukataa. Nadhani naye alitaka kujua. Daktari alimzimia taa ya banda, akamulika, akatuonyesha mmoja mmoja: sehemu ya duara la rangi la jicho ilikuwa imeshikana na lenzi nyuma yake, kovu la zamani, na vipande vidogo vya kahawia vimebaki kwenye lenzi pale liliposhikana na kuachia. Familia haikununua. Binti alilia ndani ya gari mpaka Lewiston, na baba yake alimwacha alie, akafanya vyema. Mwenye farasi sasa anamtibu, na farasi yule anakula nyasi zake kwa mtu anayemjua.

Jambo la pili la macho ni kutoona usiku. Hili si uvimbe, hata halimuumi. Farasi mwenye nakala mbili za LP huzaliwa nalo: mchana anaona, gizani haoni. Haliongezeki wala halitibiki. Na wale wawili niliokuambia uwakumbuke, wa blanketi lisilo na doa na wa madoa machache, ndio wenye nakala mbili. Kwa hiyo ukiona farasi wa Appaloosa mweupe karibu wote mwenye madoa ya kuhesabika, jua tayari kwamba usiku haoni, hata muuzaji aape.

Je, ni sababu ya kumkataa? Si lazima. Wapo watu wengi wanaowapanda miaka na miaka, mchana, bila shida. Lakini ni lazima ujue kabla. Farasi huyo hafai kurudishwa porini baada ya jua kuzama. Hafai kuingizwa usiku kwenye trela yenye giza bila taa. Ua wake usiwe na waya wenye miba. Na mtoto wa miaka 11 anayekwenda kumtoa bandani saa kumi na mbili alfajiri ya Desemba lazima aseme naye kabla ya kumgusa, maana farasi anayeshtuka hupiga teke kwanza.

Kwa hiyo ziara yako moja iwe ya jioni. Mwombe mwenyewe amtoe bandani penye taa, ampeleke uwanjani giza linapoingia. Kwenye uwanja wake mwenyewe atatembea kwa kukariri, hivyo weka ndoo tupu ya plastiki katikati ya njia aliyoizoea na usimame kando. Anayeona atasimama, ataichunguza, ataizunguka. Asiyeona ataigonga, au atainua kichwa juu na kusita, kama anayetafuta sauti.

Ukitaka uhakika wa LP, kipimo kipo na si ghali ukilinganisha na bei ya farasi. Maabara ya vinasaba ya mifugo ya Chuo Kikuu cha California, Davis, inapokea singa 20 mpaka 30 zilizong'olewa shingoni au mkiani, zikiwa na mizizi yake. Muuzaji mkweli hatakunyima singa.

Na ngozi ya waridi ya kuzunguka macho inaungua na jua, na inaweza kuota saratani. Tazama kingo za kope kama zina kidonda kisichopona au kinyama kilichoota. Ukimnunua, mvalishe barakoa ya wavu inayozuia jua, kuanzia Mei mpaka Septemba.

Kwa muuzaji

Mfike mapema kuliko mlivyopatana, nusu saa hivi, na useme samahani. Unataka kumwona farasi akiwa bado malishoni hajakamatwa. Farasi aliyekwisha fungwa, amesuguliwa na kutandikwa unapofika, huenda amekimbizwa asubuhi nzima ili achoke. Mguse kifuani na chini ya tandiko. Akiwa na jasho lililokauka, uliza.

Mwache mwenyewe amkamate, amsugue, amnyanyue miguu yote minne, amtandike, ampande. Akikataa kumpanda farasi wake, wewe na mwanao msimpande. Tazama anavyonyanyua mguu wa nyuma, kama anautoa au unavutwa. Kisha omba aende hatua, aende matiti (mwendo wa kukimbia polepole) kwenye ardhi ngumu, mstari ulionyooka, kuja na kurudi. Tazama kichwa: mguu wa mbele ukiuma, kichwa huinuka unapokanyaga mguu huo na kushuka unapokanyaga mzima. Mguu wa nyuma ukiuma, nyonga upande huo hupanda na kushuka kuliko mwenzake. Sikiliza pia. Matiti ya farasi mzima yana sauti sawa, mbili mbili, na sikio la mtu aliyelelewa na punda linakamata kosa kabla ya jicho.

Mwisho, omba apakiwe kwenye trela mbele yako, hata kama hununui siku hiyo. Farasi asiyeingia trelani utamjua siku ya ugonjwa, wakati hospitali iko mwendo wa saa mbili.

Maswali ya kuuliza ni mengi, lakini haya usiyaache. Umekaa naye muda gani? Kwa nini unamuuza? Amewahi kupata msokoto wa tumbo? Amewahi kutiwa dawa ya macho? Fundi wa kwato huja kila baada ya wiki ngapi, na ni nani? (Wiki 6 mpaka 8 ndiyo desturi. Mtu asiyekumbuka jina la fundi wake, kwato zitakuambia.) Uliza swali la macho mara mbili, mwanzo na mwisho wa mazungumzo, kwa maneno tofauti. Watu hawadanganyi sana huku. Ila hawaongezi wasichoulizwa.

Kwa mtoto au mtu mzima anayeanza, usiangalie farasi wa chini ya miaka 8. Miaka 10 mpaka 15 ndiyo mizuri, na dume aliyehasiwa huwa mtulivu kuliko jike, ingawa wapo majike ambao ningewakabidhi mwanangu. Dume kamili hapana, bei iwe yoyote ile. Umri soma kwenye cheti, na kama cheti hakipo, soma mdomoni. Meno ya mbele ya kudumu yanatoka kwa jozi: ya katikati akiwa na miaka 2 na nusu, yanayofuata 3 na nusu, ya pembeni 4 na nusu. Baada ya hapo kuna mfereji mdogo wa kahawia kwenye jino la pembeni la juu. Huanza kuonekana penye fizi karibu na miaka 10, hufika nusu ya jino miaka 15, na kulimaliza jino lote miaka 20. Ni makadirio, daktari atayasahihisha.

Uzito wake upime kwa futi ya fundi nguo. Zungusha futi kifuani nyuma ya miguu ya mbele, upate inchi. Zidisha namba hiyo kwa yenyewe, kisha zidisha kwa urefu wa mwili kutoka ncha ya bega mpaka ncha ya tako, kisha gawa kwa 330. Mwenye kifua cha inchi 72 na urefu wa inchi 64 anakaribia ratili 1,000. Farasi huyo abebe mpandaji na tandiko visivyozidi ratili 200, yaani sehemu moja ya tano. Akina baba, hesabu hiyo inawahusu.

Na mtoto mdogo sana? Kuna aina ya farasi wafupi wa madoa iliyoanzishwa Iowa mwaka 1954, Pony of the Americas, wa urefu wa inchi 46 mpaka 56 mabegani, iliyokusudiwa watoto tangu mwanzo. Wana jeni ileile, kwa hiyo macho yatazame vilevile.

Mkia mwembamba wenye nywele chache usikutishe. Appaloosa wengi wako hivyo kwa kuzaliwa. Ila unaweza kuutumia katika kupatana bei, na muuzaji ataelewa.

Daktari, karatasi, fedha

Daktari wa ukaguzi awe wako, asiwe yule anayemtibu muuzaji, na umlipe wewe. Mweleze farasi ni wa kazi gani. Mwambie wazi kwamba unataka macho yakaguliwe gizani kwa taa, baada ya mboni kufunguliwa kwa dawa, maana ukaguzi wa haraka hupita juu ya jicho. Mwombe achukue damu na kuihifadhi. Fenilbutazoni, dawa ya maumivu, huficha kuchechemea, na dawa za kutuliza humfanya farasi mkali awe mpole kwa saa chache. Wiki moja baadaye ukiona mnyama mwingine kabisa, ile damu itasema. Omba pia kipimo cha Coggins cha ugonjwa wa upungufu wa damu unaoambukizwa na nzi wanaouma.

Appaloosa wengi wamechanganywa na Quarter Horse, aina nyingine ya farasi wa Marekani, na klabu inaruhusu. Kwa sababu hiyo tazama ukoo kwenye cheti kama lipo jina la dume aliyeitwa Impressive. Uzao wake unaweza kubeba ugonjwa wa misuli uitwao HYPP, unaomfanya farasi atetemeke na hata kuanguka. Kwa farasi wa uzao huo waliozaliwa kuanzia 2008 klabu inadai kipimo, kwa hiyo majibu yaombe.

Cheti kisome ukiwa umesimama kando ya farasi. Alama zilizochorwa ziwe zilezile unazoziona, ukikumbuka kwamba madoa yanaweza kubadilika lakini soksi za miguu na alama za usoni hazihami. Jina la mwenye farasi kwenye cheti liwe la huyu anayepokea fedha. Akisema aliyemuuzia hakuwahi kubadilisha jina, mwambie amalize na klabu kwanza, ndipo urudi.

Hapa Idaho kuna jambo ambalo wageni hawalijui: farasi akibadilisha mwenyewe, au akitoka nje ya jimbo, sheria inataka mkaguzi wa chapa za mifugo wa jimbo amtazame na kutoa hati. Ada yake ni ndogo. Bila hati hiyo ni vigumu kuthibitisha kwamba mnyama ni wako. Na mkumbuke mpaka: Clarkston iko Washington, Lewiston iko Idaho, kati yao ni daraja tu, lakini farasi akivuka amebadilisha jimbo. Mpigie daktari kabla ya siku ya safari, akuambie vyeti gani vinatakiwa.

Hati ya mauziano andikeni hata kama muuzaji ni jirani mnayesali naye. Jina la farasi, namba ya cheti, umri, rangi na alama, bei, tarehe, sahihi za wote wawili, na sentensi moja ya muuzaji kuhusu macho: kwamba anavyojua yeye hajawahi kutibiwa jicho. Arubuni, kama ipo, iandikwe kwamba itarudi daktari akimkataa. Mtu anayedai arubuni kwa simu kabla hujamwona farasi, mwache.

Bei sitakupangia. Ninachoona huku ni kwamba farasi mtulivu, aliyefunzwa, mwenye macho mazima, hauzwi kwa dola mia chache. Ukimwona wa bei hiyo, mwenye madoa ya kuvutia na miaka 10, rudi nyuma kwenye habari ya macho. Mnadani usiende kwa farasi wa kwanza. Pale hupati jioni ya kutazama wala daktari wa kumulika.

Bei ya kununua si kitu mbele ya bei ya kulisha. Farasi wa ratili 1,000 anakula karibu ratili 20 za nyasi kavu kwa siku, yaani zaidi ya tani 3 na nusu kwa mwaka, na anakunywa galoni 5 mpaka 10 za maji. Ongeza fundi wa kwato, chanjo, dawa za minyoo, meno mara moja kwa mwaka, na ukodishaji wa banda kama huna ardhi. Kaa na mama watoto mpige hesabu ya miezi 12 kabla ya kwenda kumtazama, maana ukishamwona, hesabu huwa ngumu kuisikiliza.

Siku ya kumchukua, nunua kwa muuzaji marobota machache ya nyasi alizozizoea, uzichanganye na zako kwa siku 7 mpaka 10. Tumbo la farasi halipendi mabadiliko ya ghafla, na msokoto wa tumbo unaua. Mtenge na farasi wengine kwa wiki 2 au 3, umpime joto kila siku. Mzima huwa kati ya nyuzi 37.5 na 38.3. Mtoe mchana, umtembeze kando ya ua wote kwa kamba mpaka aujue kabla jua halijazama. Fomu ya kubadilisha jina ipeleke klabu wiki hiyohiyo. Na kila asubuhi unapompa nyasi, simama mbele yake uzitazame kope zote mbili. Ukiona zimeshuka upande mmoja, mpigie daktari siku hiyo, usingoje kesho, maana jicho linalotibiwa mapema ndilo lenye nafasi ya kuokoka.